Mchongaji na Madaftari ya Omong'ina

Nianze na lile linalonikwama kooni. Nilimdanganya mzee ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, nikamdanganya mchana kweupe, tukiwa na ubao wa chesi katikati yetu. Mengine yote nitakayosimulia yanaelekea huko. Nikichelewa njiani kwa vichekesho vyake, mnivumilie, ni kwa sababu naogopa kufika.

Alikuwa mchongaji wa mawe, na kibanda chake cha mabati kilikuwa Mosocho, kikitazama barabara. Wachongaji huku kwetu Kisii ni wengi, lakini ukisema Mchongaji, watu walijua unamsema yeye. Wenzake walichonga viboko, twiga na visahani vya sabuni. Yeye alichonga chesi tu: mfalme, malkia, maaskofu, farasi, ngome, na askari wadogo wa kusimama mbele. Upande mmoja aliutoa kwenye jiwe jeupe, wa pili kwenye lile lenye wekundu, na yote yaliletwa kutoka machimbo ya Tabaka.

Alianza kuchonga chesi kabla ya kujua inachezwaje. Mgeni mmoja aliagiza seti kumi na mbili, akamwachia maelezo kwa mdomo, akaenda zake. Mchongaji akakaa akawaza. Mfalme mzima na malkia mmoja? Nani angemheshimu? Akampa kila mfalme malkia wawili. Ili hesabu isizidi akamtoa askofu mmoja, maana hata kanisani alikuwa hajaona maaskofu wawili wakikaa kiti kimoja.

"Mimi ni Msabato," alikuwa akitueleza. "Bibi yangu ni mmoja na ananitosha. Siku zingine anazidi. Lakini huyo ni mfalme, jamani!"

Mgeni aliporudi alicheka mpaka akakohoa, tena mbele ya watu. Mchongaji hakucheka. Alimwomba kijitabu cha sheria za mchezo, akakisoma mpaka majalada yakang'oka. "Wewe umefundishwa na shule," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi nimefundishwa na aibu. Na aibu haina likizo." Nilicheka sana siku hiyo. Sasa sicheki.

Kwenye kuchonga alikuwa na subira ya ajabu. Angeweza kumaliza asubuhi nzima kwenye pua ya farasi mmoja, anakwangua, anapuliza vumbi, anakwangua tena. Ukimharakisha anakuuliza kama umeacha chungu jikoni. Lakini mkalishe mtu huyo huyo mbele ya ubao! Alicheza kama anayenyeshewa. Farasi nje, malkia nje, twende, twende, askari wanatolewa sadaka kushoto na kulia, na yeye anapiga paja kwa furaha. Akishinda, alishinda haraka. Akishindwa, alilaumu kiti.

Mkewe tulimwita Omong'ina, jina la heshima la mama mzee kwa Kigusii, na yeye ndiye aliyepiga msasa. Ndivyo kazi ilivyogawanywa katika vibanda vingi: mwanamume anashika panga na patasi, mwanamke anakaa na beseni la maji, analainisha jiwe kwa msasa mpaka ling'ae. Omong'ina alijifunza chesi akiwa pale pale kwenye beseni, kwa kuangalia tu. Mchezo wake ulikuwa kama mkono wake. Mambo yakiwaka moto katikati ya ubao, yeye alisogeza askari wa pembeni, hatua moja. Basi. Unamwona kama amelala. Hatua nyingine tena, ndogo. Halafu unagundua huna pa kutokea.

Na hakuwa mpole, mtu asije akadhani. Akila ngome yako, aliiweka kando taratibu, akapangusa mkono kwenye leso, akakuuliza, "Umeshiba?" Alimuuliza mumewe hivyo mbele ya wateja, mbele ya mashemeji, mara moja hata mbele ya mzee wa kanisa. Huyo mzee wa kanisa alipojaribu kumtetea Mchongaji, akakaribishwa acheze, naye akaulizwa kama ameshiba.

Mechi ziliandikwa. Mchongaji alikuwa na madaftari ya shule, ya mistari, na humo aliandika kila hatua kwa mwandiko wa kubonyeza sana. Lakini katika yake aliandika mechi alizoshinda tu. Omong'ina alipogundua alisema, "Mimi nipe langu. Usinichanganye na wewe." Yeye hakuwa na mwandiko mzuri, hivyo mumewe ndiye aliyemwandikia. Yakajaa matatu. Humo ndimo zilimolala mechi zote za Omong'ina, na nyingi zilikuwa za kumshinda huyo huyo mwandishi. Hebu fikiria mtu anayekaa jioni na kuandika kwa uaminifu, hatua kwa hatua, jinsi alivyopigwa na mkewe. Mchongaji alikuwa mtu wa namna hiyo.

Jumamosi hakugusa patasi wala ubao. Alikuwa mkali kwa hilo. Lakini niliwahi kukaa nyuma yake kanisani, nikaona vidole vyake juu ya jalada la Biblia, vinasogea mraba kwa mraba. Omong'ina akampiga kiwiko. Vidole vikatulia, kisha mguu ukaanza.

Mimi nilikuwa nani hapo? Mwanafunzi wa kompyuta wa chuo kikuu, kwetu Keumbu, nimerudi likizo na maneno mengi. Nilikuwa nimeamua kuandika programu ya kucheza chesi, na nilisikia kwamba Mosocho kuna mzee anayecheza kuliko walimu wote wa Keroka. Nilienda kumpima. Alinipiga mara tatu kabla chai haijapoa. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka mama akauliza kama kuna kijana huko.

Wazo langu lilikuwa kuwaweka wote wawili ndani ya programu moja. Nilitaka mashine yenye ujasiri wa Mchongaji na subira ya Omong'ina. Nikaomba madaftari. Mchongaji aliyafunga kwa kamba, yake mawili na ya mkewe matatu, akayashika kidogo kabla ya kuniachia.

"Nitamweka Omong'ina ndani ya kompyuta," nilijigamba. "Atakuwa anacheza hata akiwa amelala."

"Afadhali," alisema Omong'ina kutoka kwenye beseni. "Huyu hunisumbua nikiwa macho."

Nilisoma mechi zile kwa kalamu mkononi, nikapima kila mmoja anapenda nini, anaogopa nini, yuko tayari kutoa nini ili apate nini. Nikatengeneza akili mbili. Ya kwanza niliiita Panga, ya pili Msasa. Kisha nikafanya ambalo msomi yeyote mwenye haraka angefanya: kila hatua niliwauliza wote wawili, nikajumlisha majibu, nikagawa kwa mbili. Aibu tupu! Programu ilianza vita na kujutia katikati. Inatoa malkia nje, inamrudisha, inamtoa tena. Ilikuwa mbovu kuliko Panga peke yake, na mbovu kuliko Msasa peke yake.

Nikaenda Mosocho kulalamika. Siku hiyo walikuwa wanacheza na mgeni kutoka Nyamira, mwalimu wa sekondari aliyejisifu njia nzima. Na hapo niliona jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulitazama. Mgeni akiwa mkali, Mchongaji na Omong'ina walicheza pamoja, upande mmoja. Lakini hawakujadiliana. Kulikuwa na kipande cha jiwe, mabaki tu ya kuchonga, laini kwa kushikwa. Mwenye jiwe ndiye aliyecheza, na mwenzake alinyamaza kabisa. Mchongaji alikimbia nalo hatua nane au tisa, kisha uso ukambadilika, akalisukuma jiwe kwa mkewe bila neno. Omong'ina akalichukua, akasogeza askari wa pembeni.

"Mnajuaje ni wakati wa kupeana?" niliuliza.

"Anayeogopa analiachia," alisema Mchongaji.

"Na asipotaka kuonekana anaogopa?"

"Hapo tunashindwa wote wawili," Omong'ina alisema. "Imetokea. Muulize."

Nilikimbia nyumbani. Nikafuta ile hesabu ya kugawa kwa mbili. Sasa Panga alicheza peke yake, na programu ilimwangalia tu: akianza kuona hali yake inaharibika kutoka hatua moja hadi nyingine, anavuliwa jiwe, linakwenda kwa Msasa. Msasa naye akianza kubanwa, jiwe linarudi. Walahi, ile kitu iliamka. Ilicheza kama watu.

Nilipeleka programu kwenye mashindano ya wanafunzi Nairobi, ikashinda. Mmoja wa waamuzi, mama mwenye miwani na sauti ya upole, aliniuliza mbele ya ukumbi: "Hii njia ya kupokezana imetoka wapi? Ni nzuri sana."

Swali jepesi. Jibu lake lilikuwa na watu wawili, beseni moja na kibanda kilichojaa vumbi. Nikaona ukumbi, nikaona suti, nikaona jinsi nitakavyoonekana nikisema nimefundishwa na mchongaji wa Mosocho na mkewe.

"Nilikuwa naoga," nilisema, "wazo likaja."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Hakuna aliyenilazimisha. Nimejaribu miaka yote kumtafuta wa kumlaumu kwa sentensi ile, na kila nikitafuta nakuta ni mimi tu nimesimama pale na kipaza sauti.

Nikapata kazi katika kampuni moja ya michezo ya simu. Madaftari ya Mchongaji nilikuwa nimeyarudisha, kwa kuwa ndiyo niliyomaliza kwanza. Matatu ya Omong'ina nilibaki nayo, nikisema nitayapeleka likizo ijayo. Kazini mkubwa wangu aliijaribu programu, akasema wachezaji wa simu wanataka moto, huyu anayesogea pembeni anawachosha. Toa huyo. Sikubisha hata kidogo. Nilimtoa Msasa kabla ya chakula cha mchana, nikaenda kula. Nakala ya zamani ilikuwa kwenye laptopu iliyokuja kufa na kila kitu chake.

Na madaftari je? Nilihama nyumba kwa pupa, nikamwachia mlinzi wa ploti boksi la karatasi nisizozihitaji. Wiki mbili baadaye nikakumbuka. Nilirudi mbio. Mlinzi akasema, "Zile karatasi? Nilimpa mama wa njugu."

Mama wa njugu alikuwa pale pale kwenye kona. Karatasi zilizobaki zilikuwa za somo langu la takwimu. Zile za mwandiko wa kubonyeza sana, aliniambia, zilikwisha kwanza, kwa sababu zilikuwa nzuri, hazichaniki. Mechi za Omong'ina zilifungiwa njugu, zikaliwa njugu, zikatupwa. Nilinunua pakiti moja nikaifungua pale pale nikidhani labda. Ilikuwa takwimu.

Omong'ina alipofariki, dada yangu alinipigia. Nilisema kazi imenibana. Kazi haikunibana. Niliogopa tu kwamba kati ya wimbo na wimbo, Mchongaji angenigeukia aniulize. Nilituma rambirambi kwa simu, maneno manne, na nikakaa miaka mitatu bila kukanyaga Mosocho. Nikija nyumbani Keumbu, nilifyata mkia, nikazunguka njia nyingine.

Desemba iliyopita dada yangu alinisema vibaya. "Mzee anakuulizia kila Sabato. Kwani ulimwibia nini?" Nikajikaza, nikaenda.

Nilimkuta ameketi mlangoni mwa kibanda. Alikuwa hachongi tena. Vumbi na uzee vilikuwa vimemfunga macho, aliona mwanga na vivuli tu. Beseni la Omong'ina lilikuwa bado ukutani, limeinamishwa, kavu. Nilimsalimu, naye akaitambua sauti kabla sijamaliza.

"Msichana wa kompyuta!" Akatafuta mkono wangu, akaushika kwa mikono yote miwili. "Nilisema utakuja. Walisema umekuwa mtu mkubwa, nikasema hata mtu mkubwa anakuja." Kisha akashusha sauti. "Umeniletea Omong'ina?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mafupi: nilimpoteza. Badala yake nilisema, "Yuko kwenye simu, mzee."

Uso wake! Sitausahau. Aliagiza ubao uletwe, akapanga vipande mwenyewe kwa kupapasa, bila kukosea hata kimoja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile jiwe. Lilikuwa limezidi kuwa laini. Akaliweka upande wangu, karibu na simu. "Hilo ni lao," alisema. "Wewe nisomee tu hatua zao. Mimi nitasikiliza."

Tukaanza. Nilikuwa nimefungua mchezo wa kampuni, wenye Panga tu. Simu ikatoa farasi, ikatoa malkia. Nilimsomea, nikasogeza vipande, naye akafuata kwa vidole.

"Huyo ni mimi," alicheka. "Sikia nilivyo na kiherehere!" Hatua nyingine, na nyingine. Akaweka sikio karibu. "Sasa nimembana. Angekuwa ameogopa." Akangoja. Simu ikashambulia tena. "Omong'ina bado hajapewa jiwe?"

"Bado, mzee."

"Hii kichwa ngumu yangu," alisema kwa upole. "Hata huko ndani nakataa kuliachia jiwe."

Jamani, nilishindwa. Simu iliandika kwamba malkia aende mbele. Mimi nikasema, "Askari wa pembeni. Hatua moja."

Alikaa wima. Mkono wake ukaenda pembeni, ukamgusa askari yule mdogo, ukabaki pale. "Eeh," alisema. "Eeh, Omong'ina." Na machozi yakamtoka bila haya yoyote, akaacha yatiririke.

Basi nikaendelea. Simu niliiacha ikisubiri na mwanga wake, nikawa natunga mwenyewe. Hatua ndogo, ya pembeni, nikijaribu kukumbuka yule mama alivyokuwa akikaa, alivyopangusa mkono. Mchongaji alikuwa anamsemesha. Alimwambia mvua imekawia, alimwambia mjukuu ameanza shule. Nilijiambia ni huruma. Ndiyo, nilijiambia hivyo kabisa, kwamba ninafanya wema.

Kisha akaiacha ngome yake wazi. Mtoto angeiona. Nilimtazama jinsi alivyokuwa na furaha, nikashindwa kuila. Nikasema, "Askari wa pembeni tena."

Vidole vyake vikarudi kwenye ngome, vikaizunguka, vikapima njia yote mpaka kwa askofu wangu. Hapakuwa na kitu katikati.

"Ngome yangu iko wazi," alisema.

"Labda hajaiona, mzee."

"Omong'ina?" Aligeuza uso kuelekea kwangu, na nikaomba ardhi inimeze. "Omong'ina angeikula na kuniuliza kama nimeshiba. Huyu si yeye. Huyu ananihurumia."

Nilisikia lori linapita. Nilisikia mtu akiita mteja ng'ambo ya barabara.

Akanyoosha kiganja juu ya ubao. "Umeogopa," alisema. "Lete jiwe."

Nikamwekea jiwe mkononi, na nikasema yote. Ukumbi na makofi, kuoga, Msasa niliyemtoa nikaenda kula, boksi, mlinzi, njugu. Nilisema hata ile pakiti niliyoifungua. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyekamatwa. Nilipofika kwenye mazishi aliinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

"Njugu," alisema mwishowe. Tu. Kisha: "Una karatasi?"

Nilikuwa na daftari kwenye mkoba.

"Andika. Kuna ile alimpiga yule mzee wa kanisa, wiki ya mwisho kabla hujachukua madaftari. Alicheza peke yake, alikataa kunipa jiwe hata mara moja."

Akafuta ubao kwa mikono, akapanga upya, akaanza. Hatua ya kwanza, ya pili. Mimi naandika. Ya tano, akatabasamu. Ya nane, ya tisa, ya kumi. Ya kumi na moja, askari wa pembeni. Kisha mkono wake ukamwinua farasi, ukamshika hewani, ukamrudisha alipokuwa. Ukagusa ngome, ukaiacha. Nilisubiri na kalamu. Nilisubiri sana.

"Sikuiweka kichwani," alisema. "Nilijua iko kwenye daftari." Akaegemea ukuta. "Andika kwamba hapa nimesahau."

Niliandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Soma."

Hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa pale. Ningeweza kusoma chochote. Nilikohoa, nikasoma nilichokuwa nimeandika: "Hapa mechi imekatika, kwa sababu mimi niliyeazima daftari nililitupa."

Alizungusha jiwe ndani ya kiganja chake.

"Haya," alisema. "Sasa umesoma kilichoandikwa."